Cheti cha bunduki ya hewa Uskoti: jinsi ya kuomba, na mahali maombi yanapokwama

Kama unaishi Uskoti na umeachiwa bunduki ya hewa ya zamani, kama Webley Mark 3 au BSA Airsporter, usiipeleke nyumbani kwanza. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, bunduki ya hewa yenye nguvu inayozidi jouli 1 (kipimo cha nishati) inahitaji cheti cha polisi. Kukaa nayo bila cheti ni kosa linaloweza kukupeleka gerezani hadi miaka 2. England na Wales hawana sharti hilo kwa bunduki za kawaida za hewa, kwa hiyo muuzaji wa huko akikwambia hakuna shida, anasema ya kwao. Sheria hii ilitokana na kilio kilichoanza Glasgow mwaka 2005, mtoto wa miaka 2 alipouawa kwa risasi ya bunduki ya hewa. Naiunga mkono kwa moyo wote, hata baada ya usumbufu niliopata.

Wakati unasubiri, iache bunduki kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa. Ulizia mapema ada ya kuihifadhi. Mimi nililipa kila mwezi, na miezi ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia.

Fomu iko kwenye tovuti ya polisi wa Uskoti, na kuijaza si kazi. Ada ilikuwa pauni 72 sheria ilipoanza. Angalia kiwango cha sasa. Kwa mtu mzima cheti hudumu miaka 5, na kinakuhusu wewe, si bunduki moja moja. Mwenye BSA Meteor tano analipa sawa na mwenye moja.

Kilichonichelewesha ni mdhamini. Anatakiwa awe anakufahamu binafsi kwa miaka 2 au zaidi, asiwe ndugu yako, asiwe polisi wala muuzaji wa silaha, na awe mkazi wa Ufalme wa Muungano (UK). Sisi tuliohamia, wanaotujua vizuri ama ni ndugu ama wako Mombasa na Dar. Jirani mnayesalimiana vizuri kila siku akiona neno bunduki kwenye fomu, anasita. Usimtumie fomu kwa simu. Kaa naye, mwonyeshe kwamba anachothibitisha ni kuwa maelezo yako ni ya kweli na picha ni yako. Tafuta mdhamini kabla ya kulipa chochote.

Kisha sababu. Kuipenda tu haitoshi. Wanakubali kulenga shabaha, kudhibiti wanyama waharibifu, au kukusanya bunduki za kale. Kwa shabaha, eleza utafyatulia wapi na nani amekuruhusu. Bustani ndogo ya mjini haitakusaidia. Njia bora ni klabu iliyoidhinishwa, kwa sababu mwanachama anaruhusiwa kutumia bunduki pale klabuni hata kabla ya kupata cheti chake. Makosa uliyowahi kuhukumiwa yaandike yote, maana polisi watayaona.

Sasa bunduki yenyewe. Cheti hiki kinafika hadi jouli 16.27 kwa bunduki na 8.13 kwa bastola. Zaidi ya hapo ni silaha ya moto kisheria, na cheti chake ni kingine. Za zamani huwa chini ya kiwango, lakini mtu anaweza kuwa alishaweka springi mpya kali. Mpe fundi apime kasi. Risasi ya gramu 0.93 ikitoka kwa mita 183 kwa sekunde inabeba takriban jouli 15.6, karibu kabisa na ukomo.

Angalia pistoni, kipande kinachosukumwa na springi ili kukandamiza hewa. Bunduki nyingi za zamani zina washa ya ngozi (pete ya kuzuia hewa isivuje) inayokauka ikikaa miaka kabatini, na mtu huimwagia mafuta ili ilainike. Pistoni ikisukumwa mbele kwa kishindo, mafuta yaliyozidi huwaka ndani ya silinda: utasikia mlio mkali, utaona moshi kwenye mdomo wa mtutu, na kipimo kitapanda kuliko nguvu yake halisi. Matone mawili yanatosha. Iache ilale usiku kucha, halafu fundi afyatue risasi kadhaa hadi moshi uishe, ndipo apime. Isifyatuliwe tupu kamwe, maana pistoni itagonga mwisho wa silinda bila hewa ya kuizuia na kuvunja springi.

Cheti kikifika, nenda nacho kwa muuzaji. Hatakukabidhi bunduki bila kukiona.