Kubadilisha paipu za mafuta kwenye Porsche 911 SC

Mmiliki wa Porsche 911 SC, iliyotengenezwa kati ya 1978 na 1983, asisubiri harufu ya petroli ndipo azikague paipu za mafuta. Mfumo wake wa kudungia mafuta kwenye injini, Bosch K-Jetronic, husukuma mafuta kwa presha ya takriban baa 5, na mpira uliozeeka, hasa ukikutana na petroli yenye ethanoli, hukakamaa na kupasuka kutoka ndani huku nje ukionekana mzima. Uvujaji mdogo juu ya injini yenye joto unatosha kuliteketeza gari zima.

Chomoa betri, fungua kifuniko cha tangi, weka kizima moto karibu, kisha legeza kiungio polepole ukiwa umekizungushia kitambaa, kwa kuwa akiyumuleta, chombo kinachohifadhi mafuta yenye presha, hutunza presha hata injini ikiwa imezimwa. Tumia spana mbili daima, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha. Ukitumia moja, unaweza kuipinda paipu ya chuma au kuharibu nyuzi za skrubu za kigawa mafuta, kifaa kinachogawia kila silinda mafuta, ambacho ni ghali mno. Washa za shaba, yaani pete zinazoziba viungio, ziwe mpya kila mara. Mpira wa kabureta usiukubali hata kidogo, kwa maana haukuundwa kuhimili presha hiyo. Dai wenye alama ya SAE J30R9, kiwango cha mpira wa mifumo ya kudungia mafuta.

Kabla ya kuwasha injini, endesha pampu peke yake na ukague kila kiungio kwa tochi na karatasi kavu.