Chenso ya kazi za nyumbani: ununue ipi na uishike vipi usijikate

Watu wengi wakitaka chenso, yaani msumeno wa cheni, wanakimbilia ile kubwa ya wapasua mbao, kumbe kazi yenyewe ni kupunguza mwembe uani na kukata kuni. Achana nayo. Kwa bustani na shamba dogo injini ya cc 30 mpaka 40 yenye baa (lile bamba refu ambalo cheni inalizunguka) ya inchi 12 au 14 inatosha kabisa, mfano Stihl MS 170 ina cc 30 na uzito wa kilo nne hivi bila baa wala cheni. Mashine nzito inachosha mikono na mkono ukichoka ndo baa inaanza kwenda isikotakiwa. Kama matawi yako ni membamba chukua ya betri, haina habari za kuchanganya mafuta, ila inakata mguu vilevile.

Kabla hujalipa jaribu breki ya cheni, ile kinga iliyo mbele ya mshikio wa mbele, ukiisukuma mbele cheni isizungushike kabisa, ukiivuta irudi. Isipofunga usiichukue hata kwa nusu bei.

Mafuta fuata kitabu chake. Nyingi siku hizi ni 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya tustroki, ukiweka petroli tupu pistoni itakwama na hapo ni injini nzima imekufa. Oili ya cheni ina tangi lake, usiweke ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari.

Sasa sikilizeni hili maana ndo linaloumiza watu: pua ya baa, yaani ncha yake ya mbele, hasa robo ya juu. Pale cheni inageuka kushuka, ikigusa kitu kigumu inagoma, na nguvu yote ya injini inairusha baa juu na nyuma kuja usoni kwako. Mimi nilikuwa nachambua matawi ya mparachichi ulioangushwa na upepo, macho yangu yapo kwenye tawi ninalokata, sikuliona lingine nyuma yake, pua ikaligusa na mashine ikaruka, breki ikafunga, baa ikasimama karibu kabisa na shingo. Sikuwahi hata kuachia mafuta, ni haraka hivyo.

Kwa hiyo mikono miwili muda wote, kidole gumba cha kushoto kizunguke chini ya mshikio, na mwili ukae pembeni kidogo ya mstari wa baa. Usikate kitu kilicho juu ya mabega na usipande nayo ngazi, matawi ya juu tumia msumeno wa mkono wenye mpini mrefu. Kuwasha weka chini, breki imefungwa, ncha ya kiatu cha kulia ndani ya mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto ukandamize, wa kulia uvute kamba. Ile ya kuiachia hewani huku unavuta waachieni wanaojionyesha. Vaa helmeti yenye wavu wa uso, vifunika masikio, buti ngumu, na ukipata ile suruali yenye nyuzi za kuikwamisha cheni nunua, paja la kushoto linaumia sana.

Tawi nene anza kulikata kwa chini kama theluthi, afu malizia kutoka juu, nje kidogo ya pale ulipokata, bila hivyo litachana gome la shina mpaka chini. Mti mzima ulio karibu na nyumba mwite mwenye uzoefu, na kama matawi yamefika kwenye nyaya piga simu TANESCO, shirika la umeme, kwanza, usiguse. Uliza pia ofisi ya misitu kuhusu kibali.

Ukiona inatoa unga badala ya vipande vya mbao, cheni imeisha makali, usiikandamize. Zima, iache ipoe, vaa glavu, piga tupa ya duara ya kipimo cha cheni yako, kila jino mapigo sawa, afu kaza cheni mpaka ikumbatie baa lakini bado ivutike kwa mkono.