Sera za domeini zimegoma kwa mtu mmoja tu? Iulize mashine yake kwanza

Wakuu habari za kazi. Hii naiandika kwa vijana wenzangu mnaokaa IT, hasa zile ofisi zenye fundi mmoja, kompyuta hamsini na seva moja au mbili, yaani hujakaa hata chini asubuhi simu inaita "mwanangu njoo uone, mafaili yangu yote yamepotea". Mafaili hayajapotea. Kilichopotea ni draivu ya netiweki mnayoigawa kwa Group Policy (sera ambazo seva inazituma kwa kompyuta na yuza wa domeini, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva), na mara nyingi inaondoka na printa, picha ya ofisi kwenye skrini na setingi zingine ambazo kila yuza anatakiwa azikute akilogin.

Kosa ninaloliona sana, na mimi miaka yangu ya mwanzo nimelifanya mpaka nikawasimamishia watu kazi nusu siku, ni kukimbilia seva. Mtu mmoja hana draivu, wewe unafungua seva, unahariri GPO (kifurushi kimoja cha sera hizo), unatiki Enforced (kuilazimisha isipinduliwe wala kuzuiwa na za chini yake), unatengeneza GPO nyingine juu yake, alafu kabla ya mchana watu waliokuwa wazima kabisa wanaanza kupiga simu, maana kompyuta za Windows zinavuta sera upya kila baada ya dakika 90 hivi (zinaongeza na dakika za bahati nasibu mpaka 30 ili zisiivamie seva kwa pamoja). Kwa hiyo ulichokiharibu saa tatu hukioni saa tatu, unakiona saa tano, na wakati huo umeshasahau uligusa nini.

Nitaenda na kesi moja ya kweli. Mama mmoja wa uhasibu, tarehe 27, faili la mishahara liko draivu S na draivu S haipo.

Hatua ya 1: nenda kakae kwenye kiti chake. Usiremoti kwa akaunti yako. Salimia, muulize mara ya mwisho aliiona lini, kuna kitu kimebadilika, yuko kwenye waya au Wi-Fi, jirani yake anayo? Huyu mama aliniambia Ijumaa ilikuwepo, wenzake wawili wa uhasibu wanayo, na ndio, "jana mlinibadilishia kompyuta". Hiyo sentensi ya mwisho hakuisema mpaka nilipouliza.

Hatua ya 2: wabadilishane viti. Mwambie alogin kwenye kompyuta ya mwenzake na mwenzake alogin kwa yake. Ni dakika tano tu. Tatizo likimfuata mtu, basi angalia akaunti yake, OU aliyomo (folda ya domeini inayopanga akaunti na kompyuta), magrupu yake. Likibaki kwenye mashine, achana na akaunti kabisa. Kwetu mama akaiona S kwa jirani, na jirani akaikosa kwenye mashine ya mama. Hapo nilishaokoa saa nzima ya kupekua akaunti isiyo na kosa.

Hatua ya 3: soma alichopokea. Akiwa amelogin mwenyewe, fungua cmd ya kawaida (dirisha la kuandikia amri), andika:

gpresult /r /scope user

au ukitaka ripoti ya kusomeka vizuri kwenye brauza:

gpresult /h "%userprofile%\ripoti.html"

Hapa tulia, wengi wanapotea hapa. Ukifungua cmd kama administrator ukaweka jina na paswedi yako, ripoti inayotoka kwenye upande wa yuza ni YAKO, sio ya mama. Unaweza kuona draivu S imo, utasema "mbona ipo", na utazunguka mpaka jioni. Upande wa kompyuta ndio unaohitaji haki za administrator, upande wa yuza usome kwa akaunti yake mwenyewe. Na usihifadhi moja kwa moja kwenye C:\ maana yuza wa kawaida atakataliwa.

Kwenye ripoti angalia vitu vinne: sera zilivutwa mara ya mwisho lini, zilitoka seva gani, zipi zimeingia, na zipi zimechujwa na kwa sababu gani.

Hatua ya 4, kama tarehe ya mwisho ni ya zamani au seva haionekani. Basi sera hazina kosa, mashine haiifikii domeini. Kwa uzoefu wangu wahalifu ni wawili. Wa kwanza DNS (inayogeuza majina ya seva kuwa anwani): kuna mtu aliona intaneti iko slow akaweka 8.8.8.8, na DNS ya Google haijui kitu kuhusu domeini yenu ya ndani, kwa hiyo mashine haijui seva iko wapi. Fanya ipconfig /all, DNS inatakiwa iwe seva zenu tu, hata ile ya pili. Wa pili saa: desktop ya zamani betri ya ubao imekufa, umeme umekatika usiku, asubuhi saa imerudi nyuma, na Kerberos (mfumo wa domeini wa kuthibitisha anayelogin) kwa kawaida inakataa tofauti ikizidi dakika 5. Rekebisha saa, badilisha betri, bei yake ndogo tu. Ukimaliza jaribu

nltest /dsgetdc:jina-la-domeini-yenu

ikijibu na jina la seva, fungua na \\jina-la-domeini-yenu\SYSVOL (sehemu ya seva yenye mafaili ya sera) kwenye folda. Ikifunguka na ndani ya folda yenye jina la domeini ukaona folda ya Policies uko salama. Isipofunguka nenda Event Viewer, kwenye System, tafuta namba 1058 (mashine imeshindwa kusoma gpt.ini, faili la GPO) au 1129 (mashine haikuifikia seva wakati wa kuvuta sera).

Hatua ya 5, kama mawasiliano yako sawa ila GPO imechujwa au haimo kabisa. Yetu ilikuwa hivi. Tarehe ya leo, seva sahihi, sera zingine zote zimeingia, ila ya draivu S imekataliwa. Nikafungua hiyo GPO nikaangalia nani ana ruhusa. Fundi aliyenitangulia alitoa Authenticated Users (grupu la kila mtu na kompyuta iliyothibitishwa na domeini), akaweka grupu la wahasibu, na kwa kuwa alijua mambo akaongeza grupu la kompyuta za uhasibu lenye Read (ruhusa ya kusoma) peke yake. Alikuwa sahihi: tangu sasisho la Juni 2016 linaloitwa MS16-072, hata sera ya yuza inasomwa kwa utambulisho wa kompyuta, kwa hiyo kompyuta isipokuwa na Read, yuza hapati kitu hata kama yeye mwenyewe ana ruhusa zote. Kompyuta mpya ya mama hatukuiingiza kwenye lile grupu. Basi, tatizo lote ndo hilo.

Zingine za kuangalia hapa ni GPO yenye setingi za yuza kulinkiwa kwenye OU yenye kompyuta tu (haitafanya kazi bila loopback, setingi inayofanya sera za yuza zifuate kompyuta anayoitumia), WMI filter (kichujio kinachochagua mashine kwa sifa zake) iliyoandikwa kwa Windows ya zamani, na OU iliyowekewa Block Inheritance (inazuia sera za juu yake). Kumbuka na mpangilio: ya mashine yenyewe, saiti (eneo la ofisi), domeini, alafu OU, ya mwisho kusomwa ndo inashinda, isipokuwa ya juu ikiwa Enforced.

Mkiwa na tawi, tuseme seva Dar na nyingine Arusha, jua kwamba kwa setingi ya kawaida saiti mbili zinapeana mabadiliko kila dakika 180. Umebadilisha Dar, wa Arusha bado anasoma ya zamani. Angalia kwa repadmin /replsummary kabla hujabadilisha tena.

Hatua ya 6: rekebisha kitu kimoja, kisha thibitisha. Nilichofanya ni kuwapa Domain Computers ruhusa ya Read, Read tu bila Apply (ruhusa ya kutumiwa sera), ili kesho mtu mwingine akibadilishiwa mashine yasijirudie. Ukichagua njia ya kuingiza kompyuta kwenye grupu, lazima UIZIME NA KUIWASHA, kompyuta inajua magrupu yake inapowaka, gpupdate /force (kuvuta sera papo hapo) peke yake haitoshi. Kwa mtu ni hivyo hivyo, ukimuongeza kwenye grupu atoke alogin upya, kisha whoami /groups ithibitishe.

Alafu rudia gpresult, ihifadhi ile ya kabla na ya baada kwenye folda moja yenye tarehe. Mama aliwasha, akalogin, S ikatokea saa sita kasoro, akafungua faili la mishahara mbele yangu na kushuka mpaka mstari wa mwisho kuhakikisha majina yote yamo.