Alizeti pori badala ya urea: kukata, kufukia na kutengeneza mbolea ya maji

Alizeti pori (tithonia) ni ile ya maua ya njano inayoota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, Vihiga na Siaya hadi Lushoto. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni kama 3.5%, potasiamu kama 4%, lakini fosforasi haifiki 0.4%. Shika hesabu hiyo, maana ndiyo inayoamua nani atafaidika.

Kiasi. Watafiti wa Kenya magharibi miaka ya 1990 walitumia tani 5 za majani makavu kwa hekta. Majani mabichi ni maji kama 80%, kwa hiyo kitalu cha mita 10 kwa 10 kinataka kilo 250 mbichi. Humo mna naitrojeni ya karibu kilo 4 za urea. Ekari moja ingetaka tani 10! Anayekushauri uweke kwenye ekari nzima ya mahindi hajawahi kuibeba kichwani. Weka kwenye sukuma wiki, nyanya au kabichi, karibu na mahali unapokata.

1. Kata kabla haijachanua. Chukua majani na vichwa vya kijani tu, visivyozidi unene wa kalamu. Shina gumu lina naitrojeni kidogo, na likifukiwa likiwa bichi huchipua.

2. Katakata kwa panga, vipande vya sentimita 5 hivi.

3. Tandaza na ufukie siku hiyohiyo, kina cha sentimita 10 hadi 15, udongo ukiwa na unyevu. Yakiachwa juu, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani kama amonia. Udongo mkavu hauozeshi kitu: majani hukaa tu.

4. Subiri wiki moja hadi mbili ndipo upande. Majani yanayooza huchoma mizizi michanga, na utomvu wa alizeti pori huzuia mbegu kuota.

5. Ongeza fosforasi. Kilo 250 zile zina fosforasi isiyofika gramu 200. Kama udongo wako una upungufu huo, mimea itanawiri majani halafu itakwama. Kwenye udongo wenye tindikali, fosfeti ya Minjingu (mbolea ya fosforasi ya mwamba uliosagwa, kutoka Tanzania) inafaa. Ichanganye na majani wakati wa kufukia.

Mbolea ya maji. Kilo 30 za majani yaliyokatwakatwa, ndani ya gunia lililofungwa na jiwe, kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji. Weka kivulini, funika, koroga kila siku ya tatu. Baada ya wiki mbili, punguza makali: sehemu moja ya mbolea kwa mbili za maji, mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Mwagia nusu lita kwenye shina la kila mmea, mara moja kwa wiki. Usimwagie majani ya mboga yatakayoliwa. Harufu ni mbaya, hilo halina dawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nilifukia pamoja na mashina, sasa mahindi yamekuwa ya njano. Kwa nini?
Vijidudu vinavyoozesha mashina magumu vinachukua naitrojeni ya udongo kwa muda. Mwagia mbolea ya maji kila wiki, au weka urea kidogo. Na ng'oa machipukizi yakingali madogo.

Naweza kutia majivu kwenye pipa ili iwe na nguvu zaidi?
Hapana, mama. Majivu hufanya naitrojeni itoroke kama amonia. Yatie shambani peke yake, siku nyingine.

Maharage je?
Hayana haja. Yanajitengenezea naitrojeni mizizini. Ukizidisha utapata majani mengi na maganda machache. Yape fosfeti.

Niko Lushoto, milima ya Usambara, huku tuna kichaka kiitwacho tughutu. Inafanya kazi hiyohiyo?
Ndiyo, ndugu, hatua ni zilezile: majani laini, ufukie mapema. Huko Usambara imejaribiwa pamoja na fosfeti ya Minjingu.

Nikitaka ua (uzio) wangu mwenyewe wa alizeti pori?
Kata vipande vya shina vya sentimita 30 hadi 40, vichomeke vikiwa vimeinama kidogo, nusu mita kati yake, mvua zikianza. Ukishashika, unaweza kukata kila baada ya miezi miwili au mitatu. Usiuache uchanue, maana mbegu husambaa hadi mashamba ya majirani, wala usiupande kando ya msitu. Na kwa kuwa alizeti pori si jamii ya kunde, haitengenezi naitrojeni yake: kila mzigo unaoukata unapunguza rutuba pale ulipo ua. Mwaka ua utakapoanza kutoa majani madogo yaliyopauka, rudishia samadi hapo kwenye mstari.