Trela ya Kubebea Gari la Majini na Nchi Kavu: Shusha Kitanda, Refusha Rampu

Kuchomelea nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam. Sasa nafanya kazi hiyohiyo Kitchener, jimbo la Ontario, Kanada. Mji wa New Hamburg, nyumbani kwa magari ya Argo, uko jirani, kwa hiyo trela za kuyabebea zimekuwa sehemu kubwa ya riziki yangu. Kwa asiyelijua, gari lenyewe ni kama beseni kubwa la plastiki lenye matairi sita au manane. Linapita kwenye tope, theluji na vichaka, na likifika ziwani linaelea na kuendelea na safari. Wawindaji na wavuvi wa huku hawaachani nalo.

Mteja akija, kabla ya kuzungumza bei, namweleza jambo moja: gari hili halina springi. Upepo wa tairi zake ni mdogo sana, unaweza kuibonyeza tairi kwa kidole gumba ikaitika, na ulaini huo ndio springi yake yote. Sasa likipanda rampu, yaani mteremko wa kupandishia gari kwenye trela, matairi ya mbele yakishavuka kona ya kitanda (sehemu ya trela inayobeba mzigo) hayashuki kutafuta sakafu. Yanabaki hewani. Gari zima linasimama juu ya matairi ya katikati, halafu pua inaanguka ghafla kama mtumbwi uliovuka wimbi. Dereva aliyekuwa amekanyaga mafuta anajikuta amegonga ukuta wa mbele wa trela. Kadiri kitanda kilivyo juu na rampu ilivyo fupi, ndivyo anguko hilo linavyokuwa kali.

Kipimo changu ni hiki: urefu wa rampu uwe mara tano ya kimo cha kitanda. Trela ninayoitumia mwenyewe ina kitanda kilicho sentimita 36 kutoka chini, na rampu ya mita 1.8. Ile niliyoinunua zamani, ya kubebea mizigo ya kawaida, ilikuwa na kitanda kilichokaa juu ya matairi, sentimita 62 kutoka chini, na rampu ya mita moja na nusu. Kila nilipopakia, mke wangu alisimama mbali na kufumba macho. Niliiuza.

Ili kushusha kitanda, usikiweke juu ya matairi ya trela, kiweke katikati yake. Gari la matairi manane lina upana wa kama mita 1.52 na urefu wa kama mita tatu, lakini pima la kwako, maana matoleo hutofautiana. Mimi nilitengeneza kitanda cha upana wa mita 1.65 na urefu wa mita 3.4. Ukijumlisha matairi na madigadi unafika kama mita 2.2, bado uko ndani ya mita 2.6 zinazoruhusiwa barabarani Ontario. Kisha nunua ekseli iliyopinda, ile ambayo ncha zake ziko juu kuliko katikati yake kwa sentimita 10. Hapo kitanda kinashuka bila kuhangaika na rimu ndogo. Rimu ndogo sana sizipendi. Zinazunguka kwa kasi mno na beringi zinachemka.

Usishushe kupita kiasi, lakini. Barabara za vumbi za kuelekea kambi za uwindaji zina mawe na makorongo, na ekseli iliyopinda ndiyo ya kwanza kugonga. Gari lako linajua kutembea porini, basi liache lifanye kazi yake: egesha trela pale barabara nzuri inapoishia.

Rampu iwe ya upana wote wa kitanda, si mbao mbili. Magurudumu ya gari hili hayakati kona. Likitaka kupinda linafungwa breki upande mmoja na matairi yanaburuzwa. Ukilisahihisha kidogo tu ukiwa juu ya mbao mbili, mkia unatelezea pembeni. Linyooshe ukiwa bado chini, ndipo upande bila kupinda tena. Sakafu na rampu vyote naweka wavu wa chuma, kwa sababu tope na theluji vinadondoka vyenyewe.

Sasa uzito. Langu, likiwa na mafuta na winchi, ni kilo 590. Trela ni kilo 320. Ongeza madumu, mahema na nyama ya wakati wa kurudi, unakaribia tani moja. Hapa Ontario trela ikifika kilo 1,360 pamoja na mzigo lazima iwe na breki zake. Ekseli niliyofunga inabeba kilo 1,588, ile ya kawaida madukani, na inanitosha.

Mkono wa trela, ile ncha ya mbele inayoshikana na gari linalovuta, unatakiwa kukandamiza gari linalovuta kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kama jumla ni kilo 1,000, basi ni kilo 100 hadi 150. Mzani wa bafuni unatosha kupimia. Chukua ubao imara, ncha moja uiweke juu ya tofali, nyingine juu ya mzani, nafasi kati yake sentimita 90. Teremsha mkono wa trela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Soma mzani, toa uzito ulioonyeshwa na ubao mtupu, zidisha kwa tatu. Kwa sababu hiyo sichomelei kizuizi cha mbele, kinachoonyesha gari lisimame wapi kitandani, mpaka gari liwe limepandishwa: nalisogeza mbele na nyuma hadi namba ikubali, naweka alama kwa chaki, ndipo nachomelea.

Namba hiyo inaharibiwa na maji. Msimu mmoja nilitoka Ziwa Nipissing usiku, mvua inanyesha, nikapakia bila kufungua vizibo vya kutolea maji vilivyo chini ya gari. Maji yaliyokuwa yameingia ndani ya gari likiwa ziwani yote yalikimbilia nyuma, mkono wa trela ukawa mwepesi. Nilipofika kilomita 90 kwa saa trela ikaanza kupiga mkia, kushoto, kulia, kila mara zaidi. Sikukanyaga breki; niliachia mafuta taratibu na kushika usukani ukiwa umenyooka hadi ikatulia. Nilipofungua kizibo pembeni mwa barabara, maji yalitoka kwa dakika kadhaa. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo nachora mshale mwekundu kwenye rampu ya kila trela ninayoitengeneza, unaoelekea vilipo vizibo, na neno moja: MAJI.

Kufunga mzigo ni haraka. Mikanda minne ya racheti, miwili mbele na miwili nyuma, ishike ndoano za chasisi, isipite juu ya plastiki. Tairi laini zinadundadunda na mikanda inalegea, kwa hiyo simama baada ya kilomita 15 uikaze tena, na ukiwa hapo gusa kwa mkono vikombe vya beringi, vilivyo katikati ya magurudumu ya trela. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uondoe kiganja, usiendelee na safari.