Namna ya Kufundisha Ukombozi Katika Maisha Yote ya Kristo: Mwongozo kwa Makatekista wa Unguja na Pemba

Anayesali Kanuni ya Imani ya Mitume hutamka kwamba Yesu alizaliwa na Bikira Maria, na hapo hapo huendelea kwamba aliteswa kwa mamlaka ya Ponsio Pilato. Kati ya maneno hayo mawili imepita miaka thelathini na zaidi ambayo Kanuni haikuitaja, kwa kuwa ni muhtasari wa imani na si masimulizi ya Injili. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, asiyefundishwa kusimama hapo hubaki akidhani kwamba Mwana wa Mungu alikuja duniani kuingoja siku ya kufa tu, na kwamba mahubiri na miujiza ya Galilaya yalikuwa mambo ya pembeni. Kanisa Katoliki halifundishi hivyo. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 517, yaeleza kwamba maisha yote ya Kristo ni fumbo la ukombozi: ukombozi watujia kwanza kabisa kwa damu ya msalaba, lakini unafanya kazi tangu Umwilisho, yaani Mwana wa Mungu alipofanyika mtu, katika maisha yake ya siri Nazareti, katika neno lake, katika kuponya kwake na katika ufufuko wake.

Vipindi vya Kwaresima ndivyo vinavyofaa zaidi kwa somo hili. Chukua Injili ya Marko, ambayo kwa sura zake 16 inasomeka yote kabla ya Juma Kuu, ukiongeza vifungu vichache vya Luka kuhusu utoto wa Yesu. Panga siku kwa kuangalia bahari pamoja na kalenda ya parokia, maana wakati wa bamvua akina mama wa mwani hushinda pwani maji yakitoka, na kipindi kilichowekwa saa hizo kitawakosa wao na watoto wao. Kwa kila kifungu, waulize wanafunzi maswali matatu na usiyabadilishe: ni jeraha gani la binadamu linaloonekana hapa, Yesu analifanyia nini, na jambo hilo linatufikia vipi leo?

Anza na Nazareti, wala usiipite haraka. Marko 6:3 inaonyesha kwamba wenyeji wa Nazareti walimjua Yesu kwa kazi yake ya useremala. Mwambie mwanafunzi amtazame fundi wa milango katika Mji Mkongwe, jinsi anavyoinama juu ya ubao wa msaji, patasi mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, akirudia ua lile lile la nakshi hadi vumbi la mbao ligande kwenye jasho la mikono yake. Mwana wa Mungu aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi ya namna hiyo, na Luka 2:51 inaongeza kwamba aliwatii Maria na Yosefu. Utii huo ni sehemu ya ukombozi wenyewe, kwa sababu kilichoharibiwa na uasi wa Adamu kilianza kutengenezwa na mtoto aliyetii nyumbani kwao. Mtakatifu Ireneo wa Lyon, katika karne ya 2, alifundisha kwamba Kristo alipitia umri wa mtoto, wa kijana na wa mtu mzima ili autakase kila umri. Naamini hakuna fundisho linalowagusa vijana kuliko hili, kwa kuwa wengi wao hudhani kwamba Mungu yuko kanisani tu na hana habari na kazi zao.

Ubatizo wa Yordani unaweza kuelezwa kwa ufupi: asiye na dhambi alijipanga pamoja na wenye dhambi. Kwa wanaosali Rozari, hilo ndilo tendo la kwanza kati ya Matendo ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyapendekeza mwaka 2002, na ambayo yanajaza pengo lile lile kati ya utoto na mateso.

Kipindi kirefu kuliko vyote kiwe cha yule mwenye ukoma katika Marko 1:40-45. Soma kwanza Walawi 13:46, inayomwamuru mwenye ukoma akae peke yake nje ya kambi, ndipo wanafunzi waelewe uzito wa mstari wa 41: Yesu alinyosha mkono, akamgusa. Angeweza kumponya kwa neno akiwa mbali, lakini alimgusa kwanza, naye akatakasika. Kisha waelekeze kwenye mwisho wa kifungu, ambao wasomaji wengi huupita bila kuuona: aliyetakaswa anazunguka akitangaza habari, na Yesu hawezi tena kuingia mjini waziwazi, bali anakaa nje, mahali pasipo watu. Wamebadilishana nafasi. Mtu aliyefukuzwa amerudi kwao, na aliyemrudisha amebaki nje, kama atakavyosulubiwa nje ya mji. Waache wanafunzi waligundue hilo wenyewe, hata likichukua muda. Mathayo 8:17 inaunganisha uponyaji wa Yesu na unabii wa Isaya 53:4 juu ya mtumishi anayechukua udhaifu wetu, na kwa hiyo msalaba umekwisha kuanza pale Galilaya.

Ukifika kwenye msalaba wenyewe, jihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kuufanya uwe tukio moja tu kati ya mengi, ilhali ndio kilele. La pili ni kuuona ukombozi kama ununuzi wa mtumwa, nalo huja kwa urahisi visiwani kwetu, ambako soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na ambako wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wakikomboa watoto waliotumikishwa na kuwapeleka Bagamoyo. Msikilizaji ataanza kumtafuta muuzaji aliyepokea bei. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alikataa kabisa wazo kwamba fidia ililipwa kwa shetani. Eleza kwamba Kristo alijitoa kwa upendo kwa Baba, kwa ajili yetu.

Mwanafunzi wako ataulizwa pia barazani na jirani zake Waislamu. Usimwandae kwa mabishano. Wao wanamheshimu Isa mwana wa Maryam na wanakubali kwamba aliponya vipofu na wenye ukoma kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, lakini hawakubali kwamba alisulubiwa. Afundishwe kuanza na yale ya uponyaji, na kisha kusema kwa adabu na bila kuficha kwamba sisi twasadiki aliyegusa ukoma ule ni Mungu mwenyewe aliyefanyika mtu.

Swali la tatu, lile la jambo hili kutufikia leo, lijibiwe kwa Sakramenti. Mtakatifu Leo Mkuu, Papa wa karne ya 5, alifundisha kwamba yaliyoonekana katika Mkombozi wetu yamehamia katika mafumbo ya Kanisa, yaani Sakramenti zake. Katika kipindi cha mwisho, mwombe Paroko alete Mafuta ya Wagonjwa na aeleze Mpako wa Wagonjwa, Sakramenti ya kuwapaka wagonjwa mafuta hayo, wakati Marko 1:41 inasomwa tena, ili wakatekumeni waone kwamba mkono ule bado unagusa. Kabla hamjatawanyika, waulize ni nani mtaani kwao amelala kitandani, wagawane nyumba za kutembelea juma hilo, na majina ya Wakatoliki wanaotaka kupakwa mafuta yamfikie Paroko siku hiyo hiyo.