Jinsi ya Kudai Pesa Zako Soko la Mtandaoni Linapokulipa Pungufu

Muuzaji anapofungua taarifa ya malipo ya wiki na kukuta kiasi kilichoingia ni kidogo kuliko alichotarajia, jambo la kwanza linalomjia ni kuandika ujumbe wa hasira kwa huduma kwa wateja. Nakusihi usifanye hivyo siku hiyo. Atakayeupokea ujumbe wako hawezi kujua unalalamikia oda ipi, na atakujibu kama anavyowajibu wengine wote, kwamba malipo yamefanyika kulingana na masharti. Dai la malipo hushinda kwa hesabu, na hesabu hiyo huandaliwa na muuzaji mwenyewe, oda kwa oda, kabla hajasema neno. Nimeuza makubadhi ya ngozi kutoka Mombasa kupitia soko moja la mtandaoni kwa miaka kadhaa, na kila shilingi niliyowahi kurudishiwa ilirudi kwa sababu niliweza kuitaja namba ya oda iliyotoka.

Ni lazima kwanza ufahamu njia ambayo pesa hupita. Mnunuzi hakulipi wewe. Hulilipa soko, kwa M-Pesa, kwa kadi, au kwa pesa taslimu anapopokea mzigo, na soko huzishikilia pesa hizo mpaka mzigo uandikwe kuwa umefika na, mara nyingi, mpaka muda wa mnunuzi kurudisha bidhaa upite. Ndipo hukata kamisheni, mchango wa usafirishaji, faini ikiwa ipo, na thamani ya bidhaa zilizorudishwa, kisha hukutumia salio. Maana yake ni kwamba pesa zinaweza kupungua katika vituo vinne au vitano tofauti, na kila kituo kina ushahidi wake na sharti lake katika mkataba. Anayesema tu kwamba amelipwa pungufu hajasema ni katika kituo kipi.

Chukua daftari au faili la Excel na uandike, kwa kila oda, namba yake, tarehe uliyokabidhi mzigo, tarehe mzigo ulipomfikia mnunuzi, bei, kamisheni, usafirishaji, kiasi unachotarajia, na kiasi kilicholipwa. Nitakuonyesha wiki moja ya Machi 2023 jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa nimeuza jozi 23 za makubadhi kwa shilingi 1,800 kila jozi, jumla 41,400. Kamisheni ilikuwa asilimia 15, yaani 6,210, na mchango wa usafirishaji shilingi 120 kwa kila oda, yaani 2,760. Kwa hiyo nilitarajia 32,430, nami nikalipwa 25,890. Pengo lilikuwa shilingi 6,540, na kwa biashara ya ukubwa wangu hiyo ni ngozi ya kufanyia kazi siku kadhaa.

Nilipoziweka oda katika mistari, pengo lile liligawanyika. Oda tatu hazikuwa zimelipwa kabisa, kila moja ikiwa na salio la 1,410. Oda moja ilikatwa 1,410 nyingine kwa madai kwamba mnunuzi ameirudisha. Kisha kulikuwa na faini tatu za shilingi 300 kila moja kwa kuchelewa kukabidhi mzigo. Kabla ya kudai nilijiuliza ni kipi kati ya hivi ambacho soko lina haki nacho. Oda mbili kati ya zile tatu zilikuwa bado ndani ya muda wa kurudisha, kwa hiyo pesa zake zilikuwa zimechelewa tu kwa mujibu wa masharti, wala hazikuwa zimepotea. Faini moja ilikuwa ya haki: mzigo wa Ijumaa niliupeleka Jumatatu. Yaliyobaki, yaani oda moja iliyopotea njiani, oda iliyosemwa imerudishwa ilhali sikuipokea, na faini mbili zisizo na msingi, yalifika shilingi 3,420. Hicho ndicho kiasi nilichodai, na nililipwa chote. Naamini kwa dhati kwamba ningedai 6,540 nisingepata hata nusu, kwa kuwa mkaguzi akishaona kosa moja katika hesabu yako huacha kuamini mistari mingine.

Ushahidi hukusanywa kabla ya ugomvi. Unapokabidhi mizigo katika kituo cha kupokelea mizigo cha soko, usiondoke bila hati ya makabidhiano yenye mhuri au saini, tarehe, na namba za oda zote, na uipige picha papo hapo, kwa sababu karatasi zile hufifia. Faini zangu mbili zilifutwa kwa hati hiyo pekee, kwa kuwa ilionyesha nilifika kituoni saa kumi alasiri ya siku iliyotakiwa, na kwamba mzigo ulikaa pale hadi kesho yake ndipo ukaskaniwa.

Bidhaa zinazorudi zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa nina jambo linaloniuma hadi leo. Siku moja nililetewa kifurushi kilichorudishwa, nikakipokea, nikatia saini, nikakifungua nyumbani. Ndani hamkuwa na makubadhi yangu. Mlikuwa na ndara kuukuu za mpira, kisigino cha moja kimeliwa hadi kutoboka, na mchanga bado umeganda kwenye kanda. Nililalamika, nikaulizwa nina nini cha kuthibitisha kwamba hizo ndizo zilizokuwemo, nami sikuwa na chochote isipokuwa neno langu. Dai likakataliwa. Tangu hapo kila kifurushi kinachorudi hukifungulia mbele ya simu inayorekodi video, bila kukata, nikianza na stika yenye namba ya oda, kisha utepe wa gundi kabla sijauchana, kisha kilichomo, pande zote. Mbele ya anayeleta huandika kwenye karatasi yake maneno "imepokelewa bila kukaguliwa" kabla ya kutia saini. Ndara kuukuu zilinirudia tena baada ya miezi michache, na safari hiyo nililipwa ndani ya wiki mbili. Vilevile, unapofunga mzigo mpya, piga picha ya bidhaa ikiwa kando ya stika yake, na kama ni kitu chenye namba ya utambulisho, kama simu, hakikisha namba hiyo inasomeka.

Sasa andika dai. Tumia mfumo rasmi wa malalamiko ulio ndani ya akaunti yako ya muuzaji, wala si WhatsApp ya afisa unayemfahamu, hata kama ni mtu mwema, kwa sababu anaweza kuhamishwa na maneno yenu yakaondoka naye. Kila aina ya kosa iwe na dai lake, ili lile lenye utata lisilicheleweshe lililo wazi. Dai langu la oda iliyodaiwa kurudishwa lilikuwa na maneno yasiyozidi haya: "Katika taarifa ya malipo ya wiki iliyoishia tarehe fulani, nimekatwa shilingi 1,410 kwa oda namba fulani kwa sababu ya kurudishwa. Bidhaa hiyo haijanifikia hadi leo. Naomba mnipatie hati yenye saini yangu inayoonyesha niliipokea, au mnirudishie kiasi hicho katika malipo yajayo kwa mujibu wa kifungu cha marejesho cha mkataba wetu." Ujumbe huo unataja kiasi, oda, sababu, ushahidi ambao wao ndio wanaopaswa kuwa nao, na unachotaka kitendeke. Hauna tusi wala historia ndefu ya mateso.

Ihifadhi namba ya malalamiko. Lipo tatizo ambalo wauzaji wengi wanalifahamu, la dai kufungwa likiandikwa kuwa limetatuliwa ilhali hakuna pesa iliyoingia. Lifungue tena kwa namba ile ile na ueleze kwa sentensi moja kwamba kiasi fulani bado hakijalipwa. Ukianzisha dai jipya kila mara, siku zinaanza kuhesabiwa upya na historia yako inakatikakatika. Soma pia katika masharti ni siku ngapi unaruhusiwa kulipinga kato baada ya taarifa kutolewa, kwa kuwa muda huo huwa mfupi mno ukilinganisha na ule wa sheria. Kwa sababu hiyo mimi hulinganisha hesabu kila wiki taarifa inapotoka, hata wiki ambayo malipo yanaonekana kuwa sawa.

Kwa wauzaji wa Kenya kuna kato moja linalochanganya watu. Sheria ya marekebisho ya kodi ya mwaka 2024 ilileta kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa na mlipaji kabla hujapokea pesa, ya asilimia 5 kwa malipo yanayopitia masoko ya kidijitali kwa mkazi wa nchi. Ukikuta kato la namna hiyo, usilihesabu pamoja na madai ya kamisheni. Dai hati yake na uhakikishe imeonekana katika akaunti yako ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, maana kodi iliyokatwa bila kuwasilishwa kwa jina lako ni ugomvi mwingine kabisa.

Wanaouza vyondo, vikoi au vinyago kwa wanunuzi wa Marekani na Ulaya hukutana na mgogoro wa aina nyingine: mnunuzi anapinga malipo baada ya wewe kulipwa. Kwa PayPal, huduma ya malipo ya kimataifa ya mtandaoni, mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa kufungua mgogoro, na baada ya kuufungua ana siku 20 za kuugeuza kuwa dai rasmi, la sivyo unafungwa wenyewe. Siku hizo 20 ndizo za kuzungumza naye kwa upole na kulimaliza jambo. Likishakuwa dai rasmi, anayeamua hutazama nyaraka: namba ya kufuatilia mzigo, tarehe ya kutumwa, na kwamba mzigo ulifika katika anwani ile ile iliyoandikwa kwenye muamala. Mnunuzi akikuomba baadaye upeleke kwa shangazi yake mtaa mwingine, mrudishie pesa na umwombe alipe upya kwa anwani hiyo, kwani ukikubali tu umeuvua kwa mkono wako ulinzi ambao PayPal humpa muuzaji. Kwa mauzo ya dola 750 au zaidi, PayPal hutaka pia saini ya aliyepokea. Usipokee malipo ya biashara kwa njia ya kutumiana kirafiki, hata ukishawishiwa kwamba ada yake ni ndogo, kwa sababu hayana ulinzi wa muuzaji.

Ikiwa soko limeisimamisha akaunti yako na kushikilia salio lote, uliza kwa maandishi mambo mawili tu: kifungu gani kimevunjwa, na pesa zitashikiliwa hadi tarehe gani. Pakua taarifa zote za malipo mara moja ungali na uwezo wa kuingia.

Njia ya ndani ikishindikana, andika barua ya madai. Hapa wengi hukosea jina. Mkataba wako haukufungwa na nembo unayoiona kwenye programu, umefungwa na kampuni iliyosajiliwa, ambayo pengine ina jina tofauti. Lisome katika ukurasa wa kwanza wa masharti, na kwa kampuni ya Kenya unaweza kulithibitisha kwa kuomba CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Angalia pia kama mkataba unasema migogoro ipelekwe kwa usuluhishi au kwa mahakama za nchi nyingine; ukikuta kifungu hicho, tafuta ushauri wa wakili kabla ya kutumia gharama yoyote. Katika barua weka jedwali la oda, jumla, namba za malalamiko ya awali, na siku 14 za kulipa, kisha uipeleke kwa anwani yao iliyosajiliwa pamoja na barua pepe yao rasmi.

Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Jedwali lako la oda ndilo litakalokuwa moyo wa shauri, na kwa kuwa taarifa zako ni machapisho kutoka kwenye kompyuta, ambatisha cheti kinachotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ukieleza zilitolewa wapi, lini, na kwa kifaa gani. Madai ya mkataba huisha muda wake baada ya miaka 6, lakini usisubiri, kwani rekodi za mizigo hupotea mapema zaidi. Kwa muuzaji wa Tanzania, mlango ulio karibu ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili.

Mara nyingi simu ya maelewano huja baada ya barua ya madai na kabla ya siku ya kusikilizwa. Ukipewa sehemu ya pesa, soma karatasi utakayotakiwa kusaini. Ikiandikwa kwamba unapokea malipo "kamili na ya mwisho kwa madai yote", omba maneno hayo yabadilishwe yataje namba za oda zinazolipwa tu, ili oda nyingine ambazo bado hazijalipwa zisizikwe pamoja nazo. Pesa zikiingia, andika msimbo wa muamala wa M-Pesa kwenye mstari wa kila oda iliyolipwa, kisha ndipo uifunge.